Kiingereza cha Hali ya Hatari Kenya, 1952–1960

Gavana Evelyn Baring alipotia sahihi tangazo la tarehe 20 Oktoba 1952, Kenya haikuingia vitani, angalau si katika karatasi za serikali. Iliingia katika "Emergency", hali ya hatari. Usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa. Jina la "Emergency" lilikuwa na kazi ya kisheria: pasipo vita hakuna mateka wa vita, na mtu angeweza kuwekwa kizuizini miaka mingi bila kesi.

Wapiganaji waliopinga ukoloni wa Uingereza walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru la Kenya. Kulitumia jina hilo kungekuwa kukiri kwamba kuna ardhi inayodaiwa, kwa hiyo serikali ilishikilia la Mau Mau. Mwaka 1954 daktari J. C. Carothers aliiandikia serikali ripoti iliyolitazama vuguvugu hilo kama tatizo la saikolojia. Mgonjwa hutibiwa, hasikilizwi madai yake. Tiba yenyewe ikaitwa "rehabilitation", urekebishaji.

Waliozuiliwa walipangwa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kulingana na walivyodhaniwa kukishikilia kiapo cha Mau Mau. Msururu wa kambi walizopitishwa, kuanzia zile kubwa kama Manyani, uliitwa "pipeline", bomba. Huko Mwea, mwaka 1957, wale wagumu walitengwa katika vikundi vidogo, wakazungukwa na waliokwisha kukubali, kisha wakapigwa hadi wakiri. Majalada yaliita utaratibu huo "dilution technique", mbinu ya kuzimua, mtu akadhani ni habari za maabara. Mwanasheria Mkuu, Eric Griffith-Jones, akatofautisha nguvu ya kushurutisha na nguvu ya kuadhibu, ya kwanza ikahesabiwa halali. Aliyepigwa hakuiona tofauti hiyo. Vijijini nako, zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu ndani ya seng'enge na mahandaki, na hilo likaitwa "villagisation", uundaji wa vijiji.

Neno lililoacha kovu refu zaidi ni "loyalist", mtiifu kwa serikali. Liliwagawa Wakikuyu wenyewe kwa wenyewe, hata ndani ya nyumba moja. Askari wa Home Guard, ambao wanakijiji waliwaita ngati, walihesabiwa upande wa watiifu. Katika uchaguzi wa Waafrika wa 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila cheti cha utiifu.

Tarehe 3 Machi 1959, watu 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walifariki baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa vifo uliikanusha, na mwezi Julai Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, alisimama katika Bunge la Uingereza kuilaumu serikali. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960.

Sheria iliyopiga marufuku Mau Mau ilidumu Kenya hadi 2003. Mwaka 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alikiri bungeni kuwa Wakenya waliteswa, na walalamikaji 5,228 wakatengewa pauni milioni 19.9. Dhima ya kisheria Uingereza iliendelea kuikana.