Sevisi ya pikipiki

Sevisi ya pikipiki (pia: matunzo ya pikipiki, matengenezo ya kinga) ni kazi ya kukagua, kusafisha, kulainisha, kurekebisha na kubadilisha sehemu za pikipiki kwa vipindi vilivyopangwa, kabla hazijaharibika. Ni tofauti na ukarabati, ambao hufanyika baada ya chombo kuharibika. Vipindi hupangwa kwa kilomita au kwa miezi, na kinachotangulia kutimia ndicho kinachofuatwa.

Ratiba ya sevisi huandikwa na kiwanda katika kitabu cha mwongozo. Vitabu hivyo kwa kawaida huwa na maelezo mafupi, mara nyingi kwa herufi ndogo, kwamba ratiba ni ya matumizi ya kawaida, na kwamba penye vumbi, mchanga, tope, joto kali au mizigo mizito vipindi vifupishwe. Katika Kanda ya Kati ya Tanzania hali hiyo "isiyo ya kawaida" ndiyo ya kila siku. Kwa hiyo makala hii inaeleza sevisi kwa mfano wa Buigiri, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma.

Mazingira na aina za pikipiki

Buigiri iko kando ya barabara kuu ya lami kati ya Dodoma na Morogoro, mwendo wa kilomita 35 hivi mashariki mwa jiji la Dodoma. Ukiacha lami unaingia njia za udongo na mchanga. Mvua hunyesha hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu na vumbi lake ni jembamba kama unga. Makorongo hayana maji sehemu kubwa ya mwaka, bali yamejaa mchanga mzito. Kuyavuka kunahitaji gia ya kwanza na mzunguko mkubwa wa injini, huku mwendo ukiwa mdogo. Injini inayopozwa kwa upepo hupata joto kali hapo, maana upepo wenyewe haupo.

Pikipiki nyingi eneo hili ni za silinda moja, cc 100 hadi 150, zilizotengenezwa India au China. Boxer na TVS zimezoeleka sana, na jina la Toyo lilienea hata watu wengi wakaita pikipiki yoyote "toyo". Hizi ndizo bodaboda. Kundi la pili ni pikipiki za watumishi wa umma wanaofika vijijini: maafisa ugani, wahudumu wa afya, waratibu elimu kata. Zamani walipewa zaidi Yamaha DT na AG au Honda XL, zilizoundwa kwa ajili ya njia mbaya. Aprili 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima katika hafla iliyofanyika Dodoma. Kundi la tatu ni dogo, nalo ni pikipiki kubwa za safari ndefu, kama BMW za familia ya GS na Honda Africa Twin, ambazo wasafiri huzipitisha Dodoma wakielekea Arusha au Iringa.

Kuhesabu kilomita

Kosa la kawaida ni kumwaga oili "kila mwisho wa mwezi". Mwezi si kipimo cha kazi ya injini. Mwendesha bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hufikisha kilomita 2,600. Ikiwa oili yake inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 2,000, siku yake ni ya 20 ya kazi, si mwisho wa mwezi. Akisubiri mwisho wa mwezi, kila mwezi hutembea kilomita 600 kwa oili iliyochoka, na kwa mwaka ni kilomita 7,200. Afisa anayetembea kilomita 400 tu kwa mwezi yuko upande wa pili: kilomita zake hazitimii upesi, lakini oili huchakaa pia kwa kukaa, kwa hiyo naye afuate miezi iliyoandikwa kitabuni.

Pikipiki nyingi zina mita isiyofanya kazi kwa sababu waya wake umekatika. Dawa ni kununua waya mpya, ambao ni miongoni mwa spea za bei nafuu. Kabla haujapatikana, petroli inaweza kutumika kama kipimo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita moja hutumia lita 50 kufikia kilomita 2,000. Mwendesha pikipiki anayeandika lita anazoweka anajua alipofika.

Oili ya injini

Injini ndogo ya mipigo minne hubeba takriban lita moja ya oili. Oili hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi, hupoza injini na hubeba uchafu. Pikipiki kubwa ya safari hubeba lita tatu au nne, ina chujio la oili la kubadilishwa, na kwenye lami injini yake huzunguka polepole kuliko ile ndogo. Ndiyo maana BMW R1200GS huandikiwa sevisi kila kilomita 10,000 au kila mwaka, wakati pikipiki ya cc 125 haiwezi kufika hata karibu na hapo. Kuchukua ratiba ya moja na kuipa nyingine ni kuua injini.

Pikipiki mpya hubadilishiwa oili mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000 za kwanza, kwa sababu vyuma vipya vinaposuguana hutoa unga wa chuma. Baada ya hapo vitabu vya pikipiki ndogo hutaja vipindi vinavyotofautiana. Kwa kazi ya bodaboda kwenye vumbi, kilomita 1,500 hadi 2,000 ni kipindi cha busara.

Oili humwagwa injini ikiwa na joto, baada ya kuiwasha dakika chache, ili uchafu utoke nayo. Chujio la wavu hutolewa na kuoshwa. Kipimo husomwa pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare; ikiwa imeegeshwa kwa stendi ya pembeni kipimo hudanganya. Rangi nyeusi peke yake si ushahidi kwamba oili imekwisha, na weupe wake si ushahidi kwamba bado ni nzima.

Jambo linalopuuzwa ni aina ya oili. Klachi ya pikipiki nyingi huoga ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi iteleze: injini hulia, pikipiki haiendi. Oili inayofaa huwa na alama ya JASO MA, kipimo cha Kijapani kilichoanza 1998. Unene unaotumika sana nchi za joto ni 20W-50, ila kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Injini za mipigo miwili, kama Yamaha DT za zamani, huhitaji pia oili ya pekee inayoungua pamoja na petroli.

Chujio la hewa

Katika Dodoma hii ndiyo sehemu inayostahili kuangaliwa kuliko zote. Kila lita ya petroli huungua pamoja na maelfu ya lita za hewa, na hewa hiyo yote hupita kwenye chujio. Chembe za mchanga ni ngumu. Zikiingia kwenye silinda husaga ringi na kuta za silinda kama msasa. Dalili hufuatana: pikipiki hupoteza nguvu kwenye mlima, hutoa moshi wa bluu, kisha "hula oili". Mwisho wake ni kuchonga silinda na kuweka pistoni ya saizi kubwa zaidi, gharama inayozidi kwa mbali ya machujio mengi.

Hata hivyo wako wanaoliondoa chujio kabisa kwa imani kwamba pikipiki "inapumua" na kupata nguvu. Nguvu inayoonekana siku ya kwanza hulipwa kwa silinda.

Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, hukamuliwa kwa kubinywa bila kunyongwa, hukaushwa kivulini, hulowekwa oili safi na kubinywa tena. Petroli haifai kulioshea: hulegeza gundi, na mvuke wake hushika moto. Chujio la karatasi halioshwi. Hupulizwa kutoka ndani kwenda nje na hubadilishwa likichoka. Wakati wa kiangazi, mtu anayefuata wenzake kwenye njia za vumbi alisafishe kila wiki. Kisha akague mpira unaounganisha chujio na kabureta, kwa sababu ukipasuka vumbi hupita nyuma ya chujio safi.

Cheni na sproketi

Cheni hupimwa katikati ya upande wa chini, kwa kuisukuma juu na chini. Pikipiki nyingi ndogo huhitaji mchezo wa milimita 20 hadi 30. Zenye shokapu ndefu za njia mbaya huhitaji zaidi. Cheni iliyokazwa sana ni hatari kuliko watu wanavyodhani: abiria wawili au magunia yakipanda, shokapu hushuka, cheni hukazika zaidi na kuvuta beringi za sanduku la gia. Kwa hiyo ikaguliwe tena mzigo ukiwa juu.

Desturi ya kumwagia cheni oili chafu ya injini haifai kwenye mchanga. Oili na mchanga hufanya tope la kusagia. Cheni ifutwe kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke, ipakwe oili nyepesi upande wa ndani baada ya safari ikiwa bado ina joto, na inayozidi ifutwe. Meno ya sproketi yakipinda kama ndoana, cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno mabovu huchakaa upesi.

Tapeti, plagi na petroli

Mwanya wa tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa fila geji. Pikipiki ndogo nyingi hutaka kati ya milimita 0.05 na 0.10. Mafundi wengi hurekebisha kwa sikio na kupenda injini iliyonyamaza, lakini tapeti iliyobana sana hainyamazi kwa uzuri: valvu haifungi sawasawa, huungua, na pikipiki huwa ngumu kuwaka ikipata moto. Mwanya wa plagi kwa kawaida ni milimita 0.6 hadi 0.8.

Petroli ya kwenye chupa inayouzwa vijijini mara nyingi huwa na maji au vumbi. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa nchini hadi EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Chujio dogo la petroli na bakuli la kabureta vyafaa kusafishwa katika kila sevisi ya pili.

Breki na magurudumu

Vumbi huingia kwenye breki za ngoma na kula shuu zake. Mshale kwenye mkono wa breki huonyesha shuu zilipofikia; ukipita alama, kukaza nati hakusaidii tena. Breki za diski hutumia maji ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, nayo hubadilishwa kila miaka miwili kwa sababu hunyonya unyevu.

Waendeshaji wengi huilegeza breki ya mbele, au huacha kuitumia, kwa kuogopa kuteleza kwenye mchanga. Hofu yao ina msingi mchangani. Lakini pikipiki hiyohiyo hupanda lami ya Morogoro kati ya mabasi na malori, na juu ya lami sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha chombo iko gurudumu la mbele, maana uzito huhamia huko. Breki ya mbele itunzwe ikiwa nzima, na mwendeshaji ajifunze kuibana taratibu.

Miba ya migunga hutoboa matairi mwaka mzima. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi; ukipunguzwa ili kuvuka mchanga urudishwe kabla ya lami. Spoku hugongwa kidogo kwa spana: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Masika tope hujaa chini ya madigadi na kuzuia gurudumu. Baada ya kuosha, breki zibanwe mara kadhaa zikauke kabla ya kupakia abiria.

Nani anagharamia

Bodaboda wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Katika mpango wa hesabu, mwendeshaji hupeleka kiasi kilichokubaliwa kwa mwenye pikipiki kila siku au kila wiki. Katika mkataba, hulipa hivyo kwa muda uliokubaliwa, mara nyingi mwaka au zaidi, kisha pikipiki huwa yake. Anayeendesha kwa hesabu hana faida ya moja kwa moja katika uzima wa injini, na siku ya sevisi ni saa zisizo na abiria huku hesabu ikidaiwa palepale. Mwenye mkataba hujitunzia mali, lakini miezi ya mwisho hukuta pikipiki imechoka wakati ndipo inakuwa yake. Makubaliano mazuri hutaja kwa maandishi nani ananunua oili, nani ananunua matairi na cheni, na huacha nusu siku isiyodaiwa hesabu kila kilomita 2,000.

Njia tofauti ilitumiwa na Riders for Health, shirika lililoanzishwa Uingereza na Barry na Andrea Coleman pamoja na mwendesha mbio Mmarekani Randy Mamola, ambalo limehudumia pikipiki za wahudumu wa afya katika nchi kama Lesotho na Gambia. Gharama ya sevisi, spea na mafuta hukadiriwa kwa kila kilomita na kulipwa kadiri chombo kinavyotembea, bila kusubiri kiharibike. Mwendeshaji hukagua pikipiki kila asubuhi kabla ya kuondoka: petroli, oili, cheni, breki, upepo, bolti na nati. Fundi humfuata kwa tarehe iliyopangwa.