Fasihi ya Kiingereza katika Shule za Sekondari: Vitabu Vilibadilika, Lugha Ikabaki

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza historia ya somo ambalo limekaa katika shule zetu za sekondari kwa muda mrefu kuliko serikali zote zilizolisimamia, nalo ni somo la fasihi ya Kiingereza pamoja na yale yanayofuatana nalo kuhusu utamaduni na jamii. Tangu miaka ya 1960 wasomi wa Afrika Mashariki wamebishana sana kuhusu vitabu vinavyostahili kusomwa katika somo hilo. Kwa upande wa Tanzania sisi tunaona kwamba swali la vitabu lilipata jibu mapema. Lile lililokuwa gumu zaidi, yaani lugha ambayo kijana anavisomea vitabu hivyo, liliwekwa kando, na gharama yake ingali inalipwa darasani.

Hatuna budi kuanzia mbali kidogo, kwa sababu somo lenyewe lilianzia mbali. Wengi hudhani kwamba fasihi ya Kiingereza ilipevuka kwanza kama somo katika vyuo vya Uingereza, ndipo ikasafirishwa kwenda makoloni. Mambo hayakwenda hivyo. Huko Oxford, fasihi ya Kiingereza haikupewa shahada yake hadi miaka ya 1890, na Cambridge ilingoja mpaka mwaka 1917. Kabla ya hapo vijana wa vyuo hivyo vikongwe walisoma Kilatini na Kiyunani. Wakati huo huo vijana wa Kihindu na Kiislamu mjini Calcutta walikuwa wamekwisha kutahiniwa katika maandishi ya Shakespeare na Milton kwa miongo kadhaa.

Sababu yake inapaswa kuwavuta wasomaji wa jarida la theolojia. Mwaka 1813 Bunge la Uingereza liliiagiza Kampuni ya Uhindi ya Mashariki itenge rupia 100,000 kila mwaka kwa ajili ya elimu ya wenyeji. Kampuni iliogopa kuonekana inawalazimisha watu dini, na kwa hiyo Biblia haikuruhusiwa kufundishwa katika shule za serikali. Mwaka 1835 Thomas Macaulay aliandika waraka wake mashuhuri, akitaka fedha za elimu zitumike kwa mafunzo ya Kiingereza ili lipatikane tabaka la Wahindi watakaokuwa wakalimani kati ya watawala na watawaliwa. Gavana Mkuu Bentinck aliupitisha mwelekeo huo mwezi Machi mwaka huo huo. Mmishonari Mskoti Alexander Duff, aliyefungua shule yake Calcutta mwaka 1830 na kufundisha Biblia kwa Kiingereza waziwazi, alilalamika kwamba serikali inatoa elimu isiyo na Mungu. Watetezi wa shule za serikali walijibu kwamba waandishi wa Kiingereza wamejaa mafundisho ya Kikristo, hivyo anayemsoma Milton anaipokea Biblia bila kujua. Mtafiti Gauri Viswanathan alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1989. Fasihi ilipewa kazi ya kulea tabia za watu, kazi ambayo kwingineko ilifanywa na mhubiri.

Huku kwetu njia ilikuwa nyingine, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni, na hakuna aliyewazuia wamishonari kufundisha Biblia. Walutheri wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walifundisha kwa Kichaga, na Bruno Gutmann aliishikilia lugha hiyo kwa bidii ambayo baadhi ya Wachaga wenyewe, waliotaka watoto wao wapate kazi serikalini, hawakuifurahia. Chini ya Waingereza, Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza lugha za wenyeji kwa madarasa ya chini na Kiingereza kwa madarasa ya juu. Fasihi iliingia kwa mlango huo wa juu, ikishikana mkono na mtihani. Cheti cha shule kilitoka Cambridge, na karatasi za majibu zilisafirishwa kwa meli kwenda kusahihishwa huko. Makerere ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, shahada nazo zikawa za London, na mwanafunzi wa Kampala akapita njia ile ile ya waandishi wa Kiingereza aliyoipita mwenzake wa London.

Miongoni mwa vitabu vilivyorudiwa mara kwa mara katika mitihani hiyo ni tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari. Ni fupi, lugha yake ni nyepesi ikilinganishwa na nyingine, wala haina mambo ya unyumba ya kumtia mwalimu haya. Hata hivyo ni ajabu kidogo kwamba serikali ya kikoloni iliwafundisha vijana, tena kwa kuwatahini, kisa cha watu wenye heshima wanaokula njama ya kumuua mtawala kwa ajili ya uhuru.

Lawama iliyozoeleka juu ya mafunzo ya zama hizo ni kwamba watoto walikaririshwa mashairi juu ya maua wasiyoyajua na majira ya baridi wasiyoyaona. Lawama hiyo ina ukweli, lakini tunadhani imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko inavyostahili. Waumini wetu hawajapata kuuona mto Yordani, na wengi hawajui mzeituni unafananaje. Hata hivyo, tangu Biblia ya Kiswahili ya Muungano ilipotoka mwaka 1952, na kabla yake katika tafsiri za awali, bibi kizee wa kijijini ameweza kulisimulia neno la mwana mpotevu na kubishana na mchungaji wake kama yule kaka mkubwa alikuwa na haki ya kukasirika. Ugeni wa mahali haukumzuia, kwa sababu lugha ilikuwa yake. Yule kijana wa sekondari alikabiliwa na mambo mawili kwa pamoja, ua geni na lugha ngeni, na wahakiki wakalitazama zaidi ua.

Mjadala wenyewe ulipamba moto Nairobi. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikuwa wamekutana Makerere, wakajiuliza fasihi ya Kiafrika ni ipi. Tarehe 24 Oktoba 1968 wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka uliodai Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake ianzishwe idara itakayoiweka Afrika katikati, fasihi simulizi ikiwamo, na kuzipanga fasihi nyingine kuizunguka. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na haikuishia chuoni: mwaka 1974 walimu wa Kenya walikutana Nairobi kujadili namna ya kuifundisha fasihi ya Kiafrika katika shule za sekondari. Ni muhimu kukumbuka kwamba Ngũgĩ mwenyewe hakutosheka na mabadiliko ya vitabu. Aliandika riwaya yake kwa Kigikuyu akiwa kizuizini, ikatolewa mwaka 1980, nayo ikatufikia kwa jina la Shetani Msalabani mwaka 1982. Mwaka 1986 alitangaza kuagana na Kiingereza katika maandishi yake ya uhakiki. Mtu aliyeanza na orodha ya vitabu aliishia kwenye lugha.

Tanzania ilikuwa imekwisha kuligusa jambo hili kabla ya waraka wa Nairobi, tena kupitia kwa rais wake. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora, Makerere na Edinburgh na kufundisha Pugu, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ile ile ya Kaizari, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969. Hapa tunaomba msomaji atuvumilie tukae kidogo. Mshairi wa Kiswahili wa wakati ule alijua kwamba shairi lisilo na vina ni guni. Shakespeare, katika sehemu kubwa ya tamthilia zake, anafuata mapigo bila vina. Nyerere angeweza kumvika mavazi ya utenzi, na wasomaji wa pwani wangempokea kwa urahisi zaidi. Badala yake alihesabu mizani na kuviacha vina, akailazimisha lugha ifanye kazi ambayo haikuwa imezoea, miaka 11 kabla mashairi huru ya Kezilahabi hayajazua ugomvi wake. Matokeo yake ni kwamba hotuba mbili za mazishini, ya Bruto na ya Antonio, zilisikika kwa Kiswahili jinsi zilivyo: mmoja anawaeleza watu sababu, mwingine anawachochea. Mtanzania aliyekwisha kuhudhuria mkutano wa hadhara hahitaji maelezo marefu kutofautisha mambo hayo mawili.

Mwaka 1969 ilifuata Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza jina lataja mfanyabiashara mmoja tu, na kwa kawaida ya Shakespeare huyo ni Antonio, mkopaji. Mfasiri aliwafanya wawe wengi, akawaita mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Wako waliomlaumu kwa kuingiza siasa katika kazi ya mwingine. Sisi tunaona kwamba jina hilo ni somo zima la utamaduni na jamii, maana linamfanya mwanafunzi aulize nani anamnyonya nani katika hadithi hii, mkopeshaji Myahudi peke yake au na wale Wakristo wanaomtukana asubuhi na kumkopa jioni. Mwalimu makini angeongeza kwamba Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1656, hivyo watazamaji wa Shakespeare walimcheka mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kukutana naye akiishi waziwazi katika imani yake. Somo kama hilo linahitaji saa moja, ubao, na lugha ambayo darasa zima linaielewa.

Lugha hiyo haikupatikana. Mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na Elimu ya Kujitegemea ikataka elimu imfae mkulima. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na sheria ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Waandishi wa Kiafrika wakaijaza orodha ya vitabu. Lakini kidato cha kwanza kikabaki mahali pa kuvukia: kijana aliyefundishwa kila kitu kwa Kiswahili kwa miaka 7 aliingia darasani siku moja na kukuta kila kitu, isipokuwa somo la Kiswahili, kinasemwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia Januari 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wakakuta kwamba wengi hawakijui Kiingereza kiasi cha kuweza kujifunza masomo kwacho, kisha wakashauri Kiingereza kiendelee, ila kiimarishwe. Ushauri huo wa pili haukutokana na matokeo ya kipimo chao wenyewe, na hatujaona hoja iliyoviunganisha viwili hivyo vizuri. Mwaka 1987 mradi wa msaada wa Uingereza ulianza kuwapa walimu mafunzo na shule vitabu vyepesi vya kusoma. Vitabu hivyo vilifaa pale vilipofika, lakini havikuweza kuziba pengo la miaka 7. Sera ya mwaka 2014 iliufungulia Kiswahili mlango, lakini Kiingereza kingali kinafundishia sekondari.

Tutazame sasa kitabu kimoja kati ya vilivyosomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne: riwaya ya Ferdinand Oyono juu ya mzee Meka, aliyeitoa ardhi yake kwa misioni, wanawe wawili wakafa vitani kwa ajili ya Ufaransa, naye akaahidiwa nishani. Oyono, Mkameruni, aliiandika kwa Kifaransa mwaka 1956, na ikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1967. Mtoto wa Songea au Bukoba anamfikia Meka kupitia lugha mbili za Ulaya, ambapo moja haijui kabisa na nyingine anaijua nusu. Maudhui yake ni yetu kabisa, na sharika nyingi zina wazee wanaofanana naye. Lakini mwanafunzi asiyeweza kuimaliza kurasa kumi bila kukwama hufanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: hununua kijitabu cha muhtasari, au hukopa madesa ya mwenzake, akakariri dhamira tano na mifano yake kwa mtihani. Mwalimu naye, akiwa na vitabu vichache kwa darasa kubwa, huandika dhamira hizo hizo ubaoni. Hivyo kitabu kilichoandikwa kumdhihaki mtawala anayewapa watu maneno matupu hufundishwa kwa sentensi za kunakili.

Jambo linalotusikitisha ni kwamba kazi ya kufasiri ilikuwa imeanza vizuri. Clement Ndulute alitupa Shujaa Okonkwo mwaka 1973, kutoka riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, na Paul Sozigwa alimfasiri Okot p'Bitek katika Wimbo wa Lawino mwaka 1975. Okot mwenyewe alikuwa amemtunga Lawino kwa Kiacholi kabla ya kumweka katika Kiingereza, hivyo tafsiri ya Sozigwa ilimrudisha katika lugha ya Kiafrika. Lakini vitabu hivyo havikupata nafasi katika somo lililoitwa fasihi ya Kiingereza, wala havikukaa kwa raha katika fasihi ya Kiswahili, iliyokuwa na waandishi wake. Kijana aliyemsoma Okonkwo kwa Kiswahili, akambishia baba yake juu ya haki ya kumuua Ikemefuna, akaelewa kwa nini Nwoye aliwafuata wamishonari, huingia katika chumba cha mtihani na kutakiwa kuyasema hayo yote kwa Kiingereza, na hupewa alama kwa kadiri ya Kiingereza hicho.