Patasi Itokanayo na Tupa Kuukuu

Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, ulikuwa na wakerezaji mahiri muda mrefu kabla ya viko vya tumbaku. Walikereza rozari na vitu vidogo vya mbao. Walipoanza kutengeneza viko kwa kinundu cha mzizi wa mmea wa Erica arborea, miaka ya 1850, ufundi wa mashine ya kukereza ulikuwa tayari mikononi mwao.

Sehemu moja ya kiko inayohitaji ufundi huo ni pete ya pambo, ikaayo pale shina linapokutana na kipande cha mdomoni. Hukerezwa kwa pembe, au mbao ngumu kama mpingo. Ni kazi ya milimita chache, na patasi nyingi za dukani ni pana mno, tena ghali.

Hapo ndipo tupa kuukuu inapofaa kugeuzwa patasi. Chuma chake kina kaboni nyingi, hivyo hushika makali vizuri sana. Lakini huvunjika kama kioo. Kwanza fundi husaga meno yote, maana ufa huanzia humo. Kisha huipasha moto kwenye oveni, kati ya nyuzi 200 na 230 za Selsiasi, mpaka chuma kilichong'arishwa kigeuke rangi ya majani makavu. Anaponoa huichovya majini kila mara: ncha ikigeuka buluu, ugumu umetoka, na sehemu hiyo lazima isagwe iishe.

Ncha ya mviringo huchimba mfereji, iliyochongoka huumba ushanga, bapa nyembamba hukata pete itoke.

Tupa isiyopashwa moto hivyo isitumiwe kwenye mashine kamwe. Kipande kikiruka chaweza kupofua jicho.