Hatua za Wakati katika Hesabu ya Chembe

Mtu ashukaye usiku kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, akiwa na taa iwakayo mara moja tu kila apigapo hatua kumi, atasalimika maadamu njia ni nyoofu. Afikapo penye kona atatumbukia bondeni, kwa kuwa alikwenda hatua tisa kwa kutegemea alichokiona katika ile moja. Mfano huu niliwapa wanafunzi wangu hapa Voi, siku hesabu yetu ya chembe ilipovunjika.

Tulikuwa tumeandika programu ya kuiga mwendo wa chembe 64 za gesi zilizomo sandukuni. Kompyuta haiujui mwendo unaotiririka. Huupasua wakati vipande vipande, na kwa kila kipande hukadiria chembe zitakuwa wapi. Punde si punde chembe zetu zilitoka mbio kupita kiasi, na tarakimu zikawa kubwa hata mashine ikashindwa kuziandika. Maonyesho ya shule yalikuwa yamebakiza siku tatu. Kijana mmoja, mwerevu kuliko wenziwe, alinishauri kwa sauti ya chini tuzifute chembe zilizotoroka na kuzibakiza zilizo tulivu. Nakiri kwamba nilisita kabla ya kumkataza.

Ubovu huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Njia tuliyoitumia iliandikwa na Leonhard Euler katika mwaka 1768. Huuchukua mwendo wa mwanzo wa hatua na kuudhania kuwa haubadiliki mpaka mwisho wake. Ni njia nyepesi, nayo hudanganya: kitu kinachoning'inia katika springi, kikihesabiwa hivyo, huongezewa nishati kidogo kila hatua, ingawa hakuna mkono uliokisukuma. Mwaka 1907 Carl Størmer wa Norwe alitumia njia iliyo bora kuzifuata chembe za umeme ziletazo mianga katika anga la kaskazini, tena kwa hesabu za mkono! Kisha, mwaka 1928, Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy walithibitisha huko Ujerumani, katika hesabu za mawimbi, kwamba hatua ya wakati ina mpaka wake: katika hatua moja wimbi lisiende mbali kuliko hesabu yenyewe inavyoweza kuona.

Mwaka 1964 Aneesur Rahman, mzaliwa wa Uhindi aliyefanya kazi Marekani, alizifuata chembe 864 za argoni kwa kompyuta. Kila hatua yake ilikuwa sekunde moja iliyogawanywa kwa trilioni 100. Miaka mitatu baadaye Mfaransa Loup Verlet aliirudia njia ya jamii ile ya Størmer, ambayo leo huitwa kwa jina la Verlet. Uzuri wake ni kwamba hesabu yaweza kurudishwa nyuma kama ilivyokuja, na hatua ikiwa fupi, nishati hutikisika bila kupanda. Kwa springi, hatua haina budi kuwa chini ya theluthi ya muda wa mtetemo mmoja. Naye atakaye hesabu safi huifupisha zaidi sana.

Basi tuliandika jumla ya nishati kwa kila hatua. Ilikuwa imeruka katika hatua ya kwanza kabisa! Tulipotazama tuliona chembe mbili zimewekwa karibu mno. Na kwa kanuni ya Lennard-Jones tuliyoifuata, umbali mdogo ukipungua nusu, nguvu ya kusukumana huzidishwa zaidi ya mara 8,000. Tukazipanga chembe kwa safu. Mlipuko ukakoma, lakini nishati iliendelea kupanda polepole. Tukaifupisha hatua nusu. Ikapanda polepole zaidi, wala haikuacha. Hapo tukajua kwamba kosa lililosalia lilikuwa la njia yenyewe, tukamwacha Euler na kumfuata Verlet.

Kazi iliisha usiku wa kuamkia maonyesho. Yule kijana mwenyewe ndiye aliyebandika michoro ukutani: wa nishati iliyotulia chini, na juu yake, kwa wino mwekundu, ule wa siku ya kwanza.