Kitenzi Kinapokipita Kiima

Ilula, wilayani Kilolo, nyanya hupangwa kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Muuzaji akikwambia "hizi ndizo nyanya alizoleta mkulima", umemwelewa. Akisema "nyanya mkulima alizoleta", utamtazama mara mbili. Lakini akitumia amba-, mkulima anarudi mbele bila shida: "nyanya ambazo mkulima alileta". Nani aliyemsukuma nyuma?

Jibu moja lilianzia mbali. Mwaka 1957 mwanaisimu Noam Chomsky alichapisha kitabu chembamba, Syntactic Structures, akidai kwamba sentensi huwa na umbo la ndani ambalo kanuni hulibadili. Kwanza vilivyohamishwa vilikuwa virai: "mkulima alileta nyanya" ikageuka "nyanya zililetwa na mkulima". Baadaye ikaonekana hata kichwa cha kirai, yaani neno linalokibeba, huhama peke yake. Mwaka 1984 Lisa Travis akakiwekea mpaka: kichwa kikihama, kisiruke kichwa kingine kilichokitangulia njiani.

Hapo ndipo Kibantu kilipoingia kwa kishindo. Mark Baker, mwaka 1988, alitumia Kichewa, miongoni mwa lugha nyingine, kueleza vitenzi vya aina ya "pikisha": mzizi pik- hupanda kwenda kuungana na -ish-. Kasangati Kinyalolo naye, katika tasnifu yake ya mwaka 1991 kuhusu Kilega cha mashariki ya Kongo, alichunguza namna kitenzi kinavyopanda hadi mwanzo wa kishazi. Ukifuata njia hiyo, mkulima wa Ilula hakusukumwa na mtu. Amebaki palepale, kitenzi ndicho kilichompita kikiwa na -zo-. Amba- ikiwepo, inaibeba -zo- yenyewe, na kitenzi hakina haja ya kusafiri.

Maelezo mazuri, ila si wote walioyakubali. Joan Bresnan, aliyesomeshwa na Chomsky mwenyewe, alijenga nadharia isiyo na uhamishaji hata kidogo, na silaha zake zilikuwa hizohizo za Kibantu. Mwaka 1989, yeye na Jonni Kanerva walichambua sentensi za Kichewa zinazofanana na "Ilula kumefika wageni". Mwaka uliofuata aliandika na Mtanzania Lioba Moshi kuhusu yambwa za Kivunjo cha Kilimanjaro.



Mwaka 2001 Chomsky mwenyewe alihoji kama uhamaji wa vichwa ni kazi ya sintaksia au ya matamshi. Ubishi haujaisha.