Kamba za Uzaramo: Usumba na Mkonge

Atakaye kulinganisha nguvu za kamba yampasa aulize kwanza kama itavuta pakavu au majini. Kwa maana kamba ishindayo nchi kavu yaweza kushindwa baharini. Jambo hili laonekana wazi katika nchi ya Uzaramo, ambayo leo imo katika wilaya za Kibaha, Kisarawe na jirani zake.

Usumba ni nyuzi za makumbi ya nazi. Kisarawe ya zamani ilifika hata pwani, kabla Mkuranga haijafanywa wilaya mbali, wala minazi haikukosekana. Makumbi hufukiwa mashimoni pwani, mahali maji ya bahari yafikapo, yakakaa miezi hata yakalainika. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa vigongo, na nyuzi zikasokotwa kwa mkono. Kazi ni ndefu, na harufu yake si ya kusifiwa. Kamba ipatikanayo, ikipimwa kwa mzigo, ni dhaifu: kwa unene ule ule haichukui hata nusu ya mzigo wa kamba ya mkonge. Lakini hunyumbuka sana kabla ya kukatika, huelea, na maji ya chumvi hayaiozeshi upesi. Ndiyo iliyoshona mitepe, vile vyombo visivyotiwa misumari. Na kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, Periplus, kilikwisha kutaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Amari ya nanga nayo yataka kunyumbuka, isije ikakatwa na wimbi moja.

Jina la mkonge lastahili kuangaliwa. Zamani lilikuwa la mmea wa mwituni, wenye majani marefu mazito yasimamayo, ambayo watu waliyaparuza wakapata nyuzi za kamba na za upote wa pinde. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge wa Marekani kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mgeni akapewa jina la mwenyeji, na leo ni wachache wamkumbukao yule wa kwanza. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907, ilifungua njia ya kuteremsha mizigo ya mashamba hata bandarini.

Kwa kukokota magogo na kufunga mizigo, kamba ya mkonge yaishinda ya usumba pasipo shaka. Nguvu zake ni kama sehemu nne katika tano za kamba ya Manila. Ila ikiachwa na maji huoza ndani, na nje yaonekana nzima. Mwenye busara huifumua kidogo atazame kiini kabla ya kutundika mzigo.

Tangu miaka ya 1960 kamba za plastiki zimezipokonya zote mbili soko. Haziozi, lakini jua huzidhoofisha, nazo huteleza: fundo lililotosha kwa usumba hufunguka lenyewe, hata mfungaji hulazimika kulirudia mara ya pili.