Mbaazi za Karatu na Amri ya Ng'ambo

Mithali yasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." (Hapo mbaazi ni mti, wala si punje zake, ndiyo sababu husemwa "ukikosa.") Lakini hasara iliyowapata wakulima wa Karatu mwaka 2017 haikutoka kwa jua wala kwa mvua.

Mkulima wa Karatu hupanda mbaazi katikati ya mahindi. Mahindi ni chakula chake, nayo yakizidi yana mnunuzi jirani. Maana katika hifadhi ya Ngorongoro kulima kumekatazwa, na wafugaji wa huko hununua nafaka Karatu. Mbaazi sivyo. Watu wa pwani huzipika kwa tui la nazi wakazisifu sana, lakini huku bara hupandwa hasa kwa kuuzwa, na mnunuzi wake mkubwa yu Bara Hindi, ambako hupasuliwa zikawa mchuzi wa kila siku.

Mwaka 2015 mvua zilikuwa haba Bara Hindi, bei ikapanda mno, na wakulima wetu wakaongeza mbegu. Kisha mavuno ya Wahindi wenyewe ya 2016 na 2017 yakawa karibu mara mbili ya yale yaliyotangulia. Serikali yao, ili kuwalinda wakulima wake, ikatoa amri tarehe 5 Agosti 2017 kwamba mbaazi za kigeni zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Huku ulikuwa wakati wa kuvuna. Bei ikaanguka, hata wengine wakaona gharama ya kuvuna yazidi thamani ya gunia.

Hatuilaumu serikali kwa kuwalinda watu wake. Lakini tutazame Msumbiji. Julai 2016 waziri mkuu wa Bara Hindi alizuru Msumbiji na Tanzania katika safari moja. Msumbiji walipatana naye habari za mbaazi, kiasi kikatajwa mwaka kwa mwaka, na amri ile haikuwagusa. Sisi tulipatana mambo ya maji na mengineyo, mapatano ya mbaazi hayakuwamo. Punje ni ile ile, na bahari ni ile ile.

Mei 2021 mavuno yalipowapungukia, Wahindi waliufungua mlango tena. Waliufungua kwa muda, na muda huo wameuongeza mara kwa mara kwa amri mpya. Nayo mbaazi ya kienyeji, tangu kupandwa hata kuvunwa, hukaa shambani miezi sita na zaidi.